Tochi ya Papa kule Munigi

Harufu ya maharagwe yanayochemka juu ya makaa bado hunirudisha Katoyi, mtaa nilikokulia, kwenye ua wetu wa mawe meusi ya volkano, ambako kila jioni ya safari ilisubiri tochi ya Papa. Papa alikwenda Rutshuru kununua maharagwe, na lori lilipofika Munigi wakati wa kurudi, alipanda penye mwinuko akamulika upande wetu. Mama alipenda kumtania kwamba anaijali tochi ile kuliko mke. Lakini ilipometa tu, aliinjika maji ya bugali, na Papa alipopiga hodi, chakula kilikuwa tayari. Majirani walicheka kwamba kwetu mpishi ni mlima.

Msimu mmoja wa mvua vita vilifika kwenye barabara ile, Papa akiwa ameshaondoka. Tochi haikumeta. Nilipanda ukutani, nikakodoa macho mpaka yakauma. Nyuma ya Munigi, volkano ya Nyiragongo ilikuwa ikiyapaka mawingu wekundu, na jambo hilo liliniudhi sana, maana moto ule ulitoka mbali zaidi na bado ulitufikia. Nikamuuliza Mama kwa nini.

"Mwangaza inachokaka mu njia," akaniambia mimi bintiye. "Papa yako anamulika, mama. Inachoka mbele ya kufika kwetu."

Nilimwamini, nikapata usingizi. Kila jioni aliinjika maji, yakachemka yakakaribia kwisha, akaongeza mengine. Nami nikaanza kuuhisi mwanga ule gizani, umeketi mahali fulani kati ya Munigi na sisi, unapumzika. Niliogopa kutoka nje peke yangu.

Siku hizi ninafundisha fizikia. Wanafunzi huniuliza kama nuru huchoka angani, nami huwaeleza kwamba safari yenyewe haiichoshi; ni ile itokayo mbali mno, nje kabisa ya kundi letu la nyota, ndiyo hufika imepungua nguvu, kwa kuwa anga lenyewe limetanuka njiani. Naeleza vizuri tu, kisha narudi nyumbani na hofu, maana Mama, pamoja na uzee wake, bado huinjika maji jioni na kukaa uani akielekea Munigi. Wiki iliyopita aliniuliza swali nililolikwepa miaka yote.

"Wewe ulisoma. Mwangaza inachokaka kweli?"

Nikamjibu: "Ikitoka mbali sana, Mama."

Akazitazama taa za Munigi, ambazo sasa ni nyingi, na zote zilikuwa zikitufikia. Kisha akainuka, akaenda kuepua maji kabla hayajachemka.