Sauti Nne za Wimbo wa Mama

Ukiwauliza wale wazee wa muziki kundi lao lilianzaje, watakwambia lilianza barazani kwetu, Makorora, na hapo hawadanganyi. Watakutajia fidla mbili, udi na besi. Watajisifu kwamba ndio waliothubutu kupiga nyuzi tupu hapa Tanga, bila mwimbaji wala ngoma. Mimi hawanitaji. Mimi ni mke wa fidla ya kwanza, nilikuwa napika chai. Chai tu, jamani!

Basi nasema mwenyewe. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kusoma nota. Mume wangu alifundishwa fidla na ami yake kwa kusikiliza, na wenzake vivyo hivyo. Walipochoka na nyimbo za harusi wakaanza kujaribu ngoma za Wadigo, nyimbo za kupalilia za huko Maramba, hata vipande vya Kizungu walivyovisikia kwenye simu. Kila mtu akawa anavutia kwake, kelele tupu. Siku moja nikatoka jikoni na mwiko mkononi, nikawaambia, "Hebu nyamazeni mnisikilize." Nikamwimbia mume wangu sauti yake, bila maneno. Nikamgeukia fidla ya pili, nikamwimbia yake. Udi yake, besi yake. Nilikuwa nazisikia zote nne kichwani kwa pamoja, Mungu ndiye anayejua alinipaje. Tangu hapo kila kipande kipya kilipita mdomoni mwangu kwanza. Mtu akisahau, anakuja kubisha hodi: "Shemeji, ile ya jana inashukaje?" Namwimbia, anakwenda zake.

Kipande kilichowapa jina kilikuwa cha mama yangu. Kwetu nilikozaliwa ni Moa, na mama alipokaa kwenye mbuzi kukuna nazi, aliimba mdomo umefumbwa, wimbo ule ule siku zote. Alipofariki nikaugawa sauti nne, nikawapa.

Kwenye harusi ya kwanza walipoupiga, wanawake walisimama na noti zao mkononi wakitafuta wa kumtunza. "Mwimbaji yuko wapi?" Nikamwambia mume wangu, angalau nikae nanyi jukwaani, niwaambie watu wimbo huu ni wa nani. Akasema, "Ukikaa pale watadai uimbe. Utatuharibia." Nikarudi kukaa na wanawake wenzangu. Mjinga mimi!

Wakaitwa Unguja, wakaitwa Mombasa, wakapiga kwenye ubalozi Dar es Salaam, wakaenda Ulaya mara mbili. Wazungu wakawaita kwarteti, yaani kundi la wapigaji wanne. Kanzu zao nilipiga pasi mimi. Jioni moja mtangazaji wa televisheni akawauliza, ule wimbo wa mwisho mmeutoa wapi? Mume wangu akatabasamu. "Ah, ule ni wa asili tu, wa mwambao."

Wa asili! Mama yangu mzazi, aliyenibeba mgongoni! Roho iliniuma mpaka chakula kikanishinda. Aliporudi nikamuuliza, akasema, "Mambo madogo hayo, mke wangu." Sikutokea tena barazani na mwiko. Wakabaki na vipande vile vile miaka nenda miaka rudi, na watu wakaanza kupiga miayo.

Mwaka juzi fidla ya pili alifariki, Mungu amrehemu. Wakamchukua mwalimu mmoja wa sekondari, mtu mzima, hodari kweli. Kisha wakapata nafasi ya kurekodi, na sauti ya pili ya wimbo wa mama hakuna aliyekuwa nayo. Alasiri wakaja wote wanne, wakakaa kwenye mkeka kwa adabu zote. "Shemeji, tusaidie," akasema wa udi.

"Nitawaimbia. Lakini kwenye hiyo rekodi liandikwe jina la mama yangu, na langu."

Wakatazamana. Mume wangu akakohoa. "Tutaandika shukrani kwa familia zetu."

Familia zetu! Hee! Nikasimama. "Basi nimesahau."

"Usitutanie, mama."

"Nimesahau, mume wangu. Si uzee huu?"

Wakarekodi bila wimbo ule. Nilifurahi, sifichi. Siku ile nilikula wali nikaongeza.

Mwezi uliopita nilikuwa nakuna nazi uani, peke yangu, nikasema hebu niupitie wimbo wa mama. Nikaimba sauti ya kwanza, ya udi, ya besi, zote zikaja. Nikaanza ya pili. Ikaenda mpaka katikati, pale inapoachana na ya kwanza, ikakatika. Nikarudi mwanzo. Ikakatika palepale. Nikaacha mbuzi, nikafumba macho, nikajaribu kumwona mama na mikono yake na ile nazi, nikaanza tena. Wapi!

Mume wangu alikuwa dirishani, sijui tangu saa ngapi. Fidla iko kwapani. Akaniuliza polepole, kama walivyokuwa wakiniuliza zamani, "Pale inashukaje?"

Nikamjibu nimesahau. Safari hii sikumdanganya.