Kigoda cha Mama Kasoki

Mtaa wetu mzima wa Katoyi ulijua kwamba Mama Kasoki alikuwa na wivu. Nasema mapema, nisije nikajifanya mwema: mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa walioeneza habari hiyo, tena kwa bidii.

Mume wake, Papa Télesphore, alikuwa fundi wa redio. Walitoka Butembo mwaka wa sabini na nne wakajenga nyumba ya mbao juu ya mawe meusi ya volkano, na chumba cha mbele kikawa karakana. Enzi zile za Zaïre, nyumba isiyo na redio ilikuwa kama haina masikio. Wafugaji walishuka kutoka Masisi na redio zao zimeviringishwa katika kitenge, kwa sababu matangazo ya vifo yalipita humo, na hakuna aliyetaka kukosa mazishi ya mjomba wake kwa ajili ya redio bubu. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa kwenye karatasi za serikali, lakini pale karakanani tuliitana tulivyobatizwa, tukinywa chai na kubishana huku redio nne zikijaribiwa kwa wakati mmoja. Nakumbuka harufu ya bati lililoyeyuka. Nikiisikia hata leo, moyo unanirudisha pale.

Kushoto kwa fundi, kwenye kigoda, Mama Kasoki alikaa siku zote na ungo wa maharage magotini. Papa Télesphore alichomoa kidude kutoka ndani ya redio, akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza upande wa mkewe kana kwamba anawaza jambo. Mke alinong'ona maneno matatu ya Kinande, lugha ya kwao Butembo, bila kuacha kuchambua. Sisi tuliotoka Masisi, Kinande hatukijui. Tulichokiona ni kwamba hata mwanamke aje na redio gani, mke huyu hanyanyuki.

Mwaka wa themanini na moja nilikuwa msichana mwenye mdomo. Karakana ilikuwa imejaa watu, nami nikamwambia mbele yao wote: "Mama Kasoki, umuache papa apumue kidogo. Hatuko na njaa ya kumumeza." Watu walicheka hadi kikombe kikaanguka. Yeye alitabasamu, akatupa kokoto moja nje ya ungo, akaendelea na maharage yake. Nilirudi nyumbani nikijiona hodari sana, na maneno yale yakatembea mtaani miaka mingi.

Mama Kasoki alifariki mwaka wa tisini na nne, kwa homa ya siku tano. Baada ya matanga Papa Télesphore alifunga karakana. Watu walipomletea redio aliwaambia mikono imechoka. Tulisema ni msiba, utapita, lakini mwaka ulikatika na mlango ulikuwa bado umefungwa.

Wakati huo nilikuwa mpiga chapa katika nyumba moja ya wanunuzi wa kahawa. Tulikuwa na kompyuta moja, mzee wa kazi, iliyoachwa na Mbelgiji aliyerudi kwao. Siku moja kioo chake kilianza kukosa rangi nyekundu. Nyeupe iligeuka kuwa kama maji ya Lac Vert, lile ziwa letu la kijani. Tatizo ni kwamba mashine ile ilitoa maonyo yake kwa maandishi mekundu juu ya weusi, kwa hiyo sasa ilinionya na mimi sioni kitu. Nilifuta barua mbili za patron, mkubwa wetu wa kazi, bila kujua. Akasema nikifuta ya tatu nitafute kazi Bunagana, nikahesabu malori mpakani.

Niliifunga mashine ndani ya godoro la sponji, nikaipakia kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, nikaipeleka kwa Papa Télesphore. Alikataa. Nikamwambia kwamba redio za watu zinaweza kumsubiri, ila mimi patron hanisubiri. Nadhani alinihurumia, maana alifungua mlango.

Aliiwasha, akaniuliza kioo kina rangi gani. Nikamjibu kwamba kiko mbele yake. Akasema kwa upole nimweleze tu, nami nikamweleza. Alichezesha waya wa kioo, akauliza kama kuna kilichobadilika. Hakuna. Basi waya ni mzima, akasema, ugonjwa uko ndani. Alizima umeme, akafungua sanduku, akachomoa ile kadi inayopeleka picha kwenye kioo. Ilikuwa na vumbi la miaka. Akaipitisha chini ya pua polepole, kutoka pembe hadi pembe, na pua ikasimama karibu na tundu la waya. Pale palikuwa na vidude vitatu vimepangana, vidogo kuliko punje ya mchele: kimoja cha kupitisha nyekundu, kimoja cha kupitisha kijani, kimoja cha kupitisha buluu. Cha kwanza kilikuwa kimeungua na kupasuka. Pete za rangi zinazotaja kipimo chake zilikuwa zimegeuka masizi.

"Hii njo imekufa," akasema. "Lakini iko na bandugu yake. Tukisoma pete za ndugu, tunajua ya kutia."

Aliinua kadi kwenye mwanga, akaigeuza kushoto. Mkono wake ulibaki pale hewani, mbele ya kigoda kisicho na mtu. Nilingoja aseme kipimo. Nikamuuliza kama macho yanamsumbua.

"Macho ni mazima," akajibu. "Rangi njo sionake. Rouge, vert, brun, kwangu yote ni kitu moja, tangu nazaliwa. Kasoki njo alikuwa ananisomea. Nani angeleta redio yake kwa fundi haone rangi?"

Nilikaa kwenye kigoda. Miaka ishirini. Alikubali mtaa mzima umwite mwanamke wa wivu ili mumewe aitwe fundi, na mtaa huo ulipata maneno kutoka kwangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani.

Nikamsomea pete: kahawia, nyeusi, nyeusi. Akafungua kopo la maziwa lenye vidude vyake, tukatafuta wote wawili, mimi nasoma na yeye anakataa, mpaka tukakipata kinachofanana. Akakilehemu. Tulipowasha, nyeupe ilikuwa nyeupe, na onyo la mashine likawaka jekundu katikati ya kioo. Aliniuliza kama imerudi. Nikasema imerudi.

Nilipaswa kufurahi, kazi yangu ilikuwa imepona. Badala yake nikamwambia kwamba kuna neno nililomwambia mkewe zamani, mbele ya watu, nami namwomba yeye mume msamaha, kwa kuwa mwenyewe hayupo.

"Ya kumumeza," akasema. "Najua."

Nikamuuliza kama Mama Kasoki aliwahi kulitaja.

Alikuwa akipangusa ncha ya chuma chake kwa kitambaa, na hakuniangalia. "Ule siku alilia mpaka magaribi. Kesho yake asubui akabeba ungo yake, akarudia kukaa fasi ile ile."