Picha Inayotembea kwa Edson

Watu wa Didia wanamfahamu Bujiku kwa ng'ombe wake na kwa uchache wa maneno yake. Ni mtu wa makamo, mrefu, mikono imekomazwa na jembe. Tangu mama yao afariki, yeye ndiye aliyebaki na baba yao, Mzee Mwigulu. Hakuna aliyemlazimisha. Ni mtoto wa kwanza, na mkewe Esta aliridhia. Mzee akapewa chumba chenye dirisha la kuelekea zizini, na sebuleni akawekewa kiti ambacho hata mgeni hakukikalia.

Mdogo wake, Edson, hakupatana na jembe. Alikwenda Mwakitolyo kutafuta dhahabu, akahangaika miaka minne akiishia kula vumbi, na mwaka wa tano shimo lao, ambalo wachimbaji wenyewe huliita duara, likatema dhahabu. Akarudi nyumbani, akajenga nyumba ya bati la rangi hatua mia mbili hivi kutoka kwa kaka yake, akamweka humo mkewe Mariana na binti yao Nelly, kisha akarudi machimboni. Juu ya paa alisimamisha bomba refu, na juu ya bomba, antena.

Kwa haki, televisheni ya Bujiku ndiyo iliyotangulia. Aliuza dume mnadani akanunua televisheni na king'amuzi wakati nyumba ya Edson ingali msingi. Antena aliifunga mwenyewe kwa waya kwenye mti wa fito, na kiangazi chote kile majirani walijaa sebuleni kwake. Mvua zilipoanza, picha nayo ikaanza kuganda. Msomaji wa habari anafungua mdomo, uso unakatika vipande vipande, sauti inakwaruza mara mbili, halafu kimya. Majirani wakapungua mmoja mmoja. Hilo Bujiku alilivumilia.

Kisha jioni moja Mzee Mwigulu akachukua fimbo yake na kusimama mlangoni.

"Baba, unakwenda wapi saa hizi?"

"Kwa Edson. Kule picha inatembea."

Akaenda. Kesho yake akaenda tena, na siku zilizofuata hakuulizwa. Jua likikaribia kuzama, Bujiku akiwa anafunga zizi, alimwona baba yake akikata njia ya kati ya mihogo, polepole, kama mtu anayekwenda kwenye shughuli yake ya halali. Alirudi baada ya taarifa ya habari, akisindikizwa na Mariana mwenye tochi, na mara nyingi akiwa anacheka.

Hicho kicheko ndicho kilichomuuma. Bujiku alikumbuka usiku aliokesha na mzee huyo akiwa na homa, na safari za zahanati kwa baiskeli. Edson alikuja mara mbili kwa mwaka, akaleta koti, na koti hilo mzee akalivaa hata jua la saa sita. Kijicho kikaingia, kikajipatia pa kukaa. Akaacha kupita kwa Mariana. Wakikutana njiani, aliitikia salamu huku akitazama ng'ombe. Edson alipokuja likizo na kutuma mtoto amwite kaka yake wale pamoja, Bujiku alisema ana ndama aliyepotea. Ndama alikuwa zizini.

Alinunua kikuza mawimbi mjini Shinyanga, kile kiboksi ambacho muuzaji alimwapia kwamba kingemaliza matatizo yake yote. Picha ikazidi kuharibika. Hapo akaanza kuamini kwamba ile antena ndefu ya Edson inameza mawimbi yote ya upande ule, ikimwachia yeye makombo.

Siku moja mchana Mariana akiwa shambani, Bujiku alibeba ngazi yake hadi kwa mdogo wake. Alijiambia anakwenda kutazama tu ilivyofungwa. Alipofika juu alilishika lile bomba kwa mikono miwili, na mikono yenyewe ikamwambia alichofuata. Kulizungusha kidogo tu, kiasi cha kiganja. Nani angejua?

"Shemeji, salama?"

Mariana alikuwa chini, jembe begani, Nelly pembeni yake.

"Salama," Bujiku akajibu.

"Unatafuta nini huko juu?"

"Nilisikia bati linapigapiga kwa upepo. Nikasema niligongelee."

Mariana akatazama miti. Hapakuwa na jani lililotikisika. Akatazama mikono ya shemeji yake, nayo haikuwa na nyundo. Alisema, "Aliyetufungia antena ni Sesilia, fundi wa mjini. Namba yake ninayo, ukiihitaji."

"Siihitaji."

Alishuka na ngazi yake, akaenda nayo nyumbani mgongo ukiwaka kwa aibu. Siku mbili alizunguka zizi bila kazi. Siku ya tatu akamtuma Esta akaiombe ile namba.

Sesilia alikuja kwa bodaboda, mwanamke mfupi aliyevaa suruali, mkoba wa vifaa kifuani. Hakuanza na antena. Aliomba rimoti, akafungua ukurasa wa king'amuzi unaoonyesha mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wake.

"Unaona? Nguvu themanini, ubora kumi na tano," akasema. "Kikuza mawimbi chako kinakuza kinachopewa. Ukikipa uchafu, kinakuza uchafu." Akakichomoa.

Nje alimuuliza Bujiku, "Antena hii uliifunga kiangazi?"

"Ndiyo."

"Na mgunga huu ulikuwa umepukutika?"

Bujiku akainua macho. Mgunga ulisimama mbele ya antena yake, umevimba majani mabichi yanayong'aa kwa mvua ya asubuhi. Upande huohuo ndiko ulikokuwa mnara wa kurushia matangazo.

"Majani yana maji, na mawimbi hayapendi kupita humo," fundi akasema. "Halafu tazama ya mdogo wako. Vijiti vyake vimesimama wima, kwa kuwa mnara wetu unarusha hivyo. Vyako umevilaza. Na waya umeuunga mara tatu kwa selotepu. Humu ndani kuna maji." Akaukata waya mahali pa kiungo, na kweli, shaba ilikuwa imeota ukungu wa kijani.

"Kwa hiyo ya Edson hainyang'anyi yangu?"

Sesilia alimtazama kuona kama anatania. "Antena haimnyimi jirani, mzee wangu. Hata zikiwa mia."

Walihamisha kila kitu juu ya paa, mbali na mgunga. Bomba jipya, waya mmoja usio na kiungo, vijiti wima. Sesilia alizungusha taratibu, na Esta ndani akasoma ubora kwa sauti: ishirini, arobaini, sabini na mbili, imeshuka, rudisha, sabini na nane. Hapo akakaza nati. Akatafuta chaneli upya, na picha ikatokea safi kiasi cha kuhesabu vifungo vya shati la mtangazaji. Bujiku alisimama katikati ya sebule akitamani Edson angekuwepo aone.

Mzee Mwigulu alikaa kwenye kiti chake jioni ya kwanza, ya pili na ya tatu. Alikubali kwamba picha ni nzuri. Jioni ya nne akachukua fimbo.

Safari hii Bujiku alimfuata. Alitembea nyuma yake kwenye mihogo, na moyoni alikuwa na maneno tayari, makali, aliyoyatunza miezi mitatu. Mlango wa Edson ulikuwa wazi. Televisheni ilikuwa inaongea peke yake ukutani. Mzee alikuwa ameipa mgongo. Mbele yake palikuwa na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa na bakuli la sukari, na yeye alikuwa anaongeza kijiko cha tano.

"Baba," Bujiku akasema.

Mzee alikiweka kijiko chini kama mtoto aliyekutwa jikoni. Bujiku akamgeukia Mariana. "Shemeji, baba ana kisukari. Walimpima mwaka jana. Nyumbani Esta anampa kila kitu bila sukari."

Mariana akakaa kwenye ukingo wa kochi. "Nani aliniambia?" akauliza taratibu. "Wewe hujakanyaga hapa tangu mvua zianze. Mimi nikimuuliza, anasema kwenu sukari imeisha." Akatazama mguu wa mzee, kisha akasema, "Ndiyo maana kile kidonda cha mguuni hakiponi?"

Bujiku hakujua habari ya kidonda. Baba yake alikuwa amekionyesha hapa. Hata wakati huo, hofu ikiwa imeshampanda, wivu ulipata nafasi ya kumchoma: alilala naye nyumba moja, na mguu ulionyeshwa kwingine.

"Ningekuonyesha wewe, ungenifungia ndani," mzee akasema bila kumtazama.

Walimvua soksi. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa cheusi.

Asubuhi walimpeleka hospitali mjini. Edson alifika kutoka Mwakitolyo na nguo za kazini, vumbi hadi kwenye nyusi. Daktari alisema kidole hakiokoki, na wangewahi mapema kingeokoka. Walikikata siku hiyohiyo, na mguu ukabaki salama.

Ndugu wawili walikaa nje ya wodi kwenye benchi la saruji. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu wakae karibu hivyo.

"Kaka, kwa nini hukutuambia?" Edson akauliza. "Neno moja tu kwa Mariana."

Bujiku angeweza kusema alisahau. "Nilikuwa na wivu," akasema. "Baba alikuwa anakuja kwako."

Edson alikwangua udongo kwenye kucha. "Kwangu alikuja kwa chai," akasema mwishowe. "Amelala kwako miaka sita. Mimi nikipiga simu, naambiwa Bujiku amefanya hili, Bujiku amesema lile. Unadhani lile koti nilimletea kwa sababu ya baridi? Nilitaka na mimi anitaje."



Mzee Mwigulu sasa anatembea akichechemea kidogo. Jioni nyingine hukaa kwa Bujiku, nyingine kwa Edson, na nyumba zote mbili chai yake ni chungu, jambo analolalamikia kwa kila mgeni. Mariana na Esta wana daftari moja la dawa zake, linakwenda na kurudi. Bujiku anapita kwa shemeji yake, anakaribishwa, anakaa.

Jumapili, baada ya ibada, Edson hupiga simu. Bujiku huanza kuongea naye, kisha humpa baba simu, na mzee huongea kirefu, akicheka kile kicheko chake. Bujiku husimama pale karibu. Kile kijicho humpanda kifuani kama zamani. Hukiacha kipande, hukisubiri kishuke, na mzee akimaliza huipokea simu na kumuuliza mdogo wake habari za kazi.