Marudio Niliyoyaruka

Kwa miaka thelathini nilikana kwamba mimi ndiye niliyeharibu ile waltz, muziki wa dansi wa mapigo matatu. Nilikana kwa baba, kwa dada yangu Neema, na kwa mume wangu ambaye wala hakuwa ameuliza.

Kilichonivuruga ni dirisha lililo wazi. Mwaka 2015 nilikuwa nafundisha chuoni Amherst, pembeni mwa Buffalo. Mchana mmoja, nikipita kwenye jengo la muziki, nikasikia piano mbili zikijibizana: tim-pa-pa, tim-pa-pa. Ilikuwa waltz yetu, ya karne ya kumi na tisa, tamu kama sukari guru. Sikufika ofisini. Niliendesha gari hadi kitongoji jirani cha Cheektowaga, nikauzunguka uwanja wa ndege mara mbili kama mtu aliyesahau abiria.

Tulikulia huku huku ughaibuni, jijini Columbus, baba alipokuwa masomoni. Kanisani kwetu palikuwa na piano mbili zilizotazamana, na mwalimu mmoja wa muziki aliahidi kuja kutusikiliza, amchague mmoja wetu awe mwanafunzi wake. Neema, wa miaka kumi na miwili, alisoma noti za kwenye mistari. Mimi, wa miaka tisa, sikuzijua. Basi baba, aliyewahi kuongoza kwaya Bukoba, akaninakilia sehemu yangu kwa herufi za d, r, m, kama kwaya zetu zinavyosoma. Chini ya ukurasa wa pili akaandika kwa wino mwekundu: RUDI MWANZO.

Siku mwalimu alipokuja, niliyaona maneno hayo, wasomaji wangu. Lakini mwanzoni palikuwa na mruko wa mkono wa kushoto nilioupata kwa bahati tu, na sikutaka kuijaribu bahati mara mbili. Nikasonga mbele. Neema akarudi mwanzo. Tukawa tunapiga waltz mbili tofauti, kanisa zima likitabasamu kwa adabu, mpaka yeye akanyamaza, nami nikamaliza peke yangu na kupigiwa makofi. Mwalimu akanichagua mimi.

Ndani ya gari baba aliuliza, "Nani alipotea?"

"Dada."

"Lete karatasi yako."

"Imepotea."

Ilikuwa chooni kanisani, vipande vipande. Neema alitazama nje. "Labda niliisoma vibaya ile alama ya kurudia," akasema. Hakugusa piano tena. Mimi nilijifunza miaka sita, nikaacha, nikawa mwandishi wa insha kuhusu mambo niliyoyaacha.

Nilidhani uongo ule ulikwisha tulipofika nyumbani. Sikuelewa kwamba dada yangu aliuamini. Sasa alikuwa Louisville, msimamizi wa zamu kwenye ghala, na binti yake Tumaini alikuwa akililia masomo ya piano. Neema alikataa. "Sisi hatuna sikio," aliniambia. "Simwingizi mtoto kwenye aibu."

Mchana ule, pale uwanja wa ndege, nikaegesha gari, nikampigia. Nikamwambia yote, mpaka choo. Nikasikia bomba la maji likifungwa.

"Uliruka makusudi?"

"Makusudi."

"Wewe mtoto wewe." Akavuta pumzi. "Na mimi miaka yote hii, piano ikisikika redioni, nazima."

Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza. "Utaniomba baadaye. Kwanza mwambie huyu. Tumaini, njoo kwa mama mdogo."

Nikarudia kila kitu, polepole. Mtoto akaniuliza kwa Kiingereza, ina maana mama hakukosea?

"Hakukosea hata noti moja," nikasema.

Nyuma yake Neema alikuwa akiuliza viatu vyake viko wapi, maana mwalimu wa piano wa mtaani kwao hufunga saa kumi na moja. Simu ikakatwa bila kuagana.