Polikarpi na Mkuki Usiokosa

Hapa kijijini Chonyonyo, ukimtaka Polikarpi siku za kazi ulimkuta shambani kwa watu. Leo anapalilia kahawa ya huyu, kesho anachimba mashimo ya migomba ya yule. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi kabla hajaota meno, wakafa bila shamba, wakamwachia jembe. Alikaa pembeni mwa eneo la Mzee Kakuru, mfugaji wa ng'ombe, aliyempa kipande cha kulima maharage kwa sharti la kumfanyia kazi siku mbili kila wiki. Nyumba yangu na yake zilitenganishwa na migomba michache tu, kwa hiyo haya ninayoyaandika niliyaona, mwaka 1988, mwanangu Anatolia akiwa bado wa kunyonya.

Jumapili baada ya misa, Polikarpi alikuwa mtu mwingine kabisa. Alivaa shati lake la mistari, akatoa meza uani, akatikisa kopo la maziwa ya unga. Mle ndani mlikuwa na dadu sita, moja yao ya nyuso ishirini.

Ujanani alimpikia mzungu mmoja mtaalamu wa visima huko Kihanga, watu wakimwita Bwana Visima. Jioni mzungu huyo na wenzake wawili walicheza mchezo wa mezani, na kwa kuwa walipungukiwa mtu, wakamwita mpishi aketi nao. Miaka miwili Polikarpi aliunguza maharage kwa sababu ya mchezo huo. Bwana Visima alipohama alimwachia dadu, kitabu cha kanuni akaondoka nacho.

"Afadhali," Polikarpi alisema. "Kilikuwa kizito, na kanuni ninazo kichwani."

Mchezo wenyewe hauna ubao. Mmoja ni msimulizi, na nchi yote imo kinywani mwake: milima, mito, wanyama wa ajabu, watawala wabaya. Wengine kila mmoja anajifanya mtu fulani katika nchi hiyo. Msimulizi anasema: mmefika mtoni, kuna mnyama amelala njiani, mnafanya nini? Unasema unachofanya, unarusha dadu. Dadu ikikubali, umefaulu. Mkishinda mnapata hazina, na hazina inawaongezea nguvu kwa safari inayofuata. Nchi ya Polikarpi iliitwa Ng'ambo ya Ukungu.

Wachezaji wake walikuwa watatu. Kemilembe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alikuwa mfuata nyayo. Deodatha, mjane mpole anayeuza ndizi, alikuwa mpiga nanga, kile kinanda cha nyuzi cha wazee wa huku. Wa tatu alikuwa Mwesigwa, mtoto wa kiume wa Mzee Kakuru, kijana wa miaka ishirini na mitano. Huyo alikuwa shujaa wa vita, bila shaka.

Kosa lilitokea siku ya kwanza kabisa. Walimshinda fisi mmoja mzee, basi, fisi tu, na ikafika zamu ya hazina. Kemilembe alipata kibuyu. Deodatha alipata kipande cha ngozi. Mwesigwa akauliza, "Na mimi, Poli?" Polikarpi alipanga dadu upya mezani. Alikuwa mbele ya mtoto wa mtu aliyempa mahali pa kulima.

"Wewe, bwana mdogo, umepata mkuki. Mkuki usiokosa."

"Haukosi kabisa?"

"Kabisa."

Kemilembe aliinua macho. "Na kibuyu changu hakivuji kabisa?"

Tulicheka. Lakini Jumapili ya pili hakuna aliyecheka. Kila kilichotokea kichakani, Mwesigwa alisema "Nachoma," kikafa. Joka lenye pembe, nachoma. Jitu la pangoni, nachoma. Kemilembe akaanza kuja na nguo za kushona vifungo. Deodatha alikuwa akinipokea mtoto ili apate cha kufanya.

Polikarpi akaona dawa ni kuleta mnyama mkubwa zaidi. Jumapili ya nne alimleta chui wa vichwa viwili, ngozi kama jiwe, anayeweza kusimama mbele ya ule mkuki. Akasimulia vizuri mno, hata mimi nikasogea. Chui akarusha mguu wa nyuma, ukampitia mpiga nanga wa Deodatha.

Deodatha alirusha dadu. Ikatoka mbili.

"Nimeumia?" akauliza.

"Umekufa, dada."

"Kwa kuguswa tu?"

"Chui huyo ni mzito."

Deodatha alisimama. Alinirudishia mtoto, akachukua kikapu chake, akaenda. Kemilembe akakunja nguo zake. "Chui wako umemshonea Mwesigwa, halafu umetuvisha wote," alisema, naye akaenda.

Jumapili iliyofuata alikuja Mwesigwa peke yake. Polikarpi alikuwa ameshapanga viti vinne. Walikaa wakitazamana, dadu mezani.

"Poli," Mwesigwa alisema mwishowe, "hata mimi nimechoka. Nasema nachoma, imekwisha. Afadhali nikachunge." Akaondoka.

Polikarpi alibaki pale mpaka kivuli cha nyumba kikafunika meza. Nilimpelekea uji, akaushika tu. "Mama Anatolia," aliniambia, "siku sita mimi ni mikono ya watu. Siku hii moja ndiyo watu husikiliza ninasema nini. Nimeiharibu mwenyewe."

"Si umnyang'anye mkuki? Waweke wezi wamwibie."

"Zawadi hairudishwi kwa ujanja. Atajua ni mimi. Na baba yake atajua." Akatazama maharage yake yaliyokuwa yametoa maua. Sikuhitaji kuuliza zaidi.

Jumatano yake tulikuwa tunatengeneza rubisi kwetu, pombe ya ndizi, kwa ajili ya ubatizo wa Anatolia. Polikarpi alikuja kukanyaga ndizi kwenye mtumbwi wa mti wa kukamulia. Mramba, yaani maji ya ndizi, ulitoka mtamu na mwingi. Ikafika wakati wa kumwaga mtama uliokaangwa na kusagwa, mama mkwe wangu akamwaga ungo mzima, maana alikuwa akigombana na mtu upande wa pili wa ua na hakutazama mkono wake.

"Yesu na Maria!" nikasema. "Mtama umezidi. Itakuwa chungu kama shubiri."

"Tuuchote?" Polikarpi aliuliza.

Mama mkwe alimtazama kama mtoto. "Wewe Polikarpi, umekanyaga pombe miaka mingapi? Mtama ukishalowa hauchotwi. Unaongeza mramba. Nenda kakate mikungu mingine."

Polikarpi alisimama na miguu yake imejaa nyasi na ndizi, mdomo wazi. Kisha akaanza kucheka peke yake. Tulikata mikungu mingine minne iliyokuwa imeiva, akakanyaga mchana kutwa, jasho linamtoka, na bado anacheka. Mama mkwe aliniuliza pembeni kama amepigwa na jua.

Jioni ile alikwenda kwa Deodatha. Mimi nilikuwa huko kurudisha chungu.

"Dada, nimekuja kuomba radhi. Nilimpima chui kwa nguvu za mtu mmoja, nikawaumiza wawili. Mpiga nanga wako atafufuka, nitasema ni..."

"Koma hapo!" Sijawahi kumsikia Deodatha akipaza sauti. "Ufufuko ni wa Bwana Yesu. Usinichezee na hilo, Polikarpi."

"Basi rudi wewe, dada. Tutafanyaje?"

Deodatha alifikiri, akimenya ndizi. "Yule mpiga nanga alikuwa na mdogo wake wa kike," alisema taratibu. "Nanga aliachiwa yeye."

Kwa Kemilembe haikuwa rahisi hivyo. Alimsimamisha mlangoni, sindano mdomoni. "Mkuki upo?"

"Upo."

"Sasa nije kufanya nini? Kumshikia kibuyu?"

"Njoo Jumapili mbili. Ukichoka, dadu nitakupa zikawe vifungo vya nguo."

Akaja. Mwesigwa naye akaja, maana alisikia Kemilembe anakuja. Na Polikarpi hakugusa ule mkuki. Aliongeza nchi. Safari ile walifika kwenye mji wenye kiu, ambako chemchemi imezibwa na hakuna anayejua nani kaiziba. Mwesigwa alisema, "Nachoma."

"Nani?" Polikarpi aliuliza.

Mwesigwa alitazama huku na huku. Kemilembe ndiye aliyefuata nyayo mpaka nyumba ya mkosaji, na Deodatha ndiye aliyempigia nanga mpaka akaungama. Baada ya jasho hilo ndipo hazina ikaja, ndogo na ya kumfaa mtu na kazi yake. Kemilembe alipata viatu vya ngozi vinavyojua ardhi ngumu na laini, vya kumwongezea tatu kwenye dadu. Deodatha alipata uzi mpya wa nanga unaotuliza wanyama, wa kumwongezea nne. Mwesigwa hakupata kitu.

"Mimi?"

"Wewe unao mkuki, bwana mdogo," Polikarpi alijibu. Mwesigwa aligeuza dadu moja mezani. Kisha akasema, "Ni kweli," akasogeza kiti karibu.

Jumapili ya tatu tangu warudi, watu walikuwa wamesimama mpaka kwenye migomba. Malkia wa Ng'ambo ya Ukungu alikuwa na ng'ombe arobaini, nao walikuwa wamezama kwenye tope la mafunjo, maji yanapanda, jua linazama. Ng'ombe kiongozi akitoka, wote watamfuata. Asipotoka, wamekwisha, na safari imekwisha. Kabla ya kuanza, Polikarpi aliandika namba kwa mwiba kwenye kipande cha jani la mgomba, akakifunika kwa kopo. "Hiyo ndiyo namba ya kufikia. Siibadilishi, hata arushe nani."

Mwesigwa, mtoto wa mfugaji, alikuwa amesimama wima. "Msimpigie kelele! Akishtuka anazama zaidi! Dada Deo, mtulize!"

"Namtuliza," Deodatha alisema. "Nampigia wimbo wa kukamulia."

"Mimi natafuta ardhi ngumu," Kemilembe alisema. "Ipo kushoto kwenu. Kanyageni nilipokanyaga."

"Na wewe, bwana mdogo?" Polikarpi aliuliza. "Tope halichomwi."

Mwesigwa alishika kichwa. Uani palikuwa kimya hata nikamsikia Anatolia anavyonyonya. "Nauchomeka ardhini," akasema. "Pale alipoonyesha Kemilembe. Naufunga kamba, tunavutia hapo. Mkuki uwe kigingi."

"Kigingi kinaongeza mbili. Rusha, dada."

Deodatha alirusha dadu ya nyuso ishirini. Ikabingirika, ikagonga kopo, ikalala. Sita.

"Aa!" watu wakaguna. "Sita tu!"

"Ngojeni," Kemilembe alisema. "Uzi wake ni nne. Kumi. Viatu vyangu tatu. Kumi na tatu." Akamgeukia Mwesigwa.

"Na mbili zangu," Mwesigwa alisema polepole. "Kumi na tano."

Polikarpi aliinua kopo, akageuza jani ili wote walione. Mwiba ulikuwa umeandika 15.

Sijui nani alianza kupiga vigelegele. Labda mimi. Mwesigwa alimnyanyua Deodatha juu na kikapu chake, Deodatha anapiga kelele, "Niweke chini, mimi si ndama!" Kemilembe, ambaye hajawahi kumsifu mtu, alimpiga Polikarpi mgongoni mpaka akakohoa. Anatolia aliamka akalia, na hakuna aliyesikia.

Jumatatu nilimwona Mzee Kakuru akiteremka kwenye maharage ya Polikarpi na fimbo yake. Nikasogea mpaka kwenye migomba. Polikarpi aliacha jembe, akavua kofia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nasikia mwanangu alichomeka mkuki wake matopeni, uani kwako, watu wanatazama."

"Ni kweli, Mzee."

"Ng'ombe walitoka?"

"Wote arobaini."

Mzee akakohoa, akaenda zake. Jumapili iliyofuata alifika kabla ya wengine, na koti lake la misa. Walikuja watu tisa siku hiyo, na benchi tuliazima kwa jirani. Polikarpi alianza safari mpya, akimuuliza kila mmoja anataka kuwa nani.

"Mimi ni jemadari wa vita," Mzee Kakuru alisema. "Nina upanga unaokata miamba."

Watu wote waliinamisha macho. Mwesigwa alimtazama Polikarpi, akimngojea.

Polikarpi alisimama wima ndani ya shati lake la mistari. "Mzee, kwa heshima zote, hapa hakuna anayeanza na upanga. Utaanza na fimbo, kama wenzako."

Mzee Kakuru alifungua vifungo vya koti lake.

"Fimbo ya mti gani?" akauliza.

"Utakaouchagua mwenyewe, Mzee."

"Haya, Mwalimu. Endelea," akasema, akajisogeza katikati ya benchi, Kemilembe ikambidi ampishe.