Sauti ni ya kaka yangu, jina kwenye santuri ni la mtu mwingine

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri kama mpo, na nyie wengine marahaba hata kama hamjaniamkia.

Mimi ni bibi kizee, naishi Kigoma kwa binti yangu, simu nimefundishwa na wajukuu. Herufi zikiruka mnivumilie. Haya nayoyaandika niliyaona kwa macho yangu mawili, na sina cha kupata kwa kudanganya, maana wote nitakaowataja wameshazikwa.

Juzi kuna mwanachama aliweka humu linki ya wimbo wa zamani wa Kongo. Akaandika, "Feruzi, gwiji aliyesahaulika."

Mkashusha komenti. Legend. Sauti ya dhahabu. Pumzika baba.

Nililia mpaka binti yangu akaja mbio akidhani nimeletewa habari ya msiba. Yule anayeimba mle siyo Feruzi, jamani. Feruzi alikuwa anauza samaki wakavu! Yule ni kaka yangu Amisi.

Basi nisikilizeni.

Sisi ni watu wa Kabambare, kule Maniema. Nazungumzia enzi za Mbelgiji, wanaume wanalimishwa pamba kwa nguvu na huwezi kutoka eneo lako bila karatasi ya ruhusa.

Amisi alikuwa yaya wangu, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa kwetu. Watu walimjua kwa jina la Amisi Kengele, kwa sababu alifunga kengele ya baiskeli kwenye gitaa lake. Akifika kwenye harusi haingii kama watu wengine. Anakuja juu ya baiskeli, mikono yote iko kwenye gitaa, viatu vyeupe, shuka ya kitanda begani kama ni mfalme wa sijui wapi. Akina mama wanapiga vigelegele kabla hajafungua mdomo. Maneno yote ya nyimbo alitunga mwenyewe, mengine papo hapo.

Mimi nilikuwa mwitikiaji wake. Yeye anatupa maneno, mimi na wenzangu wawili tunajibu.

Sasa kifua kikamshika. Kwanza kikohozi tu, baadaye damu. Mke alimkimbia, mtoto hakuwa naye. Siku moja tunatoka Kasongo kwa miguu akasimama njiani, akaniambia, "Dada, hii kifua itanimaliza. Mimi siachi mutoto. Nikipata kuingia mu santuri, sauti ibakie na jina langu, basi, nikufe."

Ndicho kitu pekee alichotaka. Kumbukeni hapo.

Mungu si Athumani, gari la kurekodi likaja Kasongo. Mzungu wa mashine, na karani wake aliyetoka mji mkubwa huko magharibi. Kiswahili alikuwa anakijua, lakini cha ofisini. Wakafunga blanketi kwenye madirisha ya shule, tukaambiwa hata kukohoa marufuku. Mnaweza kufikiria mtu wa kifua anaambiwa hivyo. Alijikaza, mishipa ya shingo imesimama, akaimba nyimbo mbili vizuri kuliko siku zote nilizowahi kumsikia.

Nyimbo zote mbili zilimsifu Feruzi, mfanyabiashara wa Nyangwe mwenye mitumbwi, aliyekuwa anatulisha kila tukienda kupiga kwake. Hapa ndipo mnielewe vizuri. Kwetu wimbo ni wa yule aliyeimbiwa. Ukiulizwa wimbo ni wa nani, unamtaja anayesifiwa. Mwimbaji hatajwi, si kila mtu anamwona pale mbele? Hata bibi harusi akiimbiwa leo, mpaka anazeeka watu wanasema ule ni wimbo wake.

Karani akachukua kalamu. "Wimbo huu ni wa nani?"

Yaya akajibu bila hata kuwaza, "Iko ya Bwana Feruzi."

"Na wa pili?"

"Ile pia ni yake."

Karani akaandika, akashukuru, wakafunga vitu vyao. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na sikuona kosa lolote. Nani angeona? Amejibu sahihi kabisa, kwa watu wa kwetu.

Santuri zilifika baada ya masika, kwenye duka la Feruzi, ndiye aliyekuwa na gramafoni. Watu walijaa mpaka barabarani. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo kwa masista, yaya akanipa ile sahani nyeusi. "Nisomee jina langu."

Nikasoma. Feruzi.

"Ndiyo, hiyo ni ya wimbo," akasema. "Sasa yangu iko wapi?"

Nikageuza upande wa pili. Feruzi tena. Nikatafuta kwenye karatasi yake, mpaka herufi ndogondogo za pembeni. Hakuna, wakuu. Nikamwambia, "Yaya, jina yako haiko." Akacheka, akajua namtania kama kawaida yetu. Akaninyang'anya ile sahani akaangalia mwenyewe, na alikuwa hajui kusoma.

Tulikwenda kwa karani wa serikali. Akasema mambo ya kampuni hayamhusu, kampuni iko mbali. Tukaandikisha barua, haikujibiwa.

Feruzi nisimsingizie, mwanzoni alikana. "Siyo mimi, ni Amisi!" Lakini watu walikuwa wanatoka mbali kumpa mkono. Mtu ukisifiwa kila siku unachoka kukataa. Mwishowe anatabasamu tu. Baadaye akanunua gitaa akalitundika dukani, na hata kulishika alikuwa hajui. Ovyo kabisa.

Kilichommaliza yaya ni yaliyomkuta kijiji cha Wamaza. Tuliitwa kwenye harusi, sauti yake imeshakuwa ya kukwaruza. Akaanza ule wimbo. Hajafika katikati, jamaa mmoja akapiga kelele, "We muzee, acha kuharibia Feruzi wimbo yake! Sisi tuliisikia mu gramafoni!"

Watu wakacheka. Wengine wakaanza kumfundisha jinsi unavyoimbwa. Wanamfundisha yeye!

Alitaka kujibu, kikohozi kikamkaba. Angeonyeshaje kwamba ile sauti ni yake, na sauti yenyewe haipo tena? Akafungua kengele kwenye gitaa, akaitia mfukoni. Hakuimba tena mpaka anakufa.

Alikufa Kabambare, msimu wa kuvuna mpunga. Kwenye kilio nikasimama nikawaambia akina mama, jamani, tumwimbie wimbo wake.

Wakaangaliana. Shangazi yetu akanivuta chini. "Hapana, mwanangu. Ile wimbo ni ya Feruzi, na Feruzi angali mzima. Wimbo ya mutu mzima haiimbwe kwa kilio, utamuitia kifo."

Na Feruzi alikuwepo pale. Alikuja na gunia la samaki na machozi ya kweli. Nikamtazama, nikitegemea aseme, "Muimbe, mimi siogopi." Akainamisha kichwa. Basi yaya akazikwa kwa nyimbo za watu wengine.

Miaka michache baadaye, Wabelgiji bado wapo, Feruzi naye akafa huko Nyangwe. Hapo sasa wimbo ukaruhusiwa. Umati ule sijauona tena. Wakaja kunichukua mpaka nyumbani, kwa sababu mwitikiaji mwenye kujua majibu yote nilikuwa mimi.

Nilikwenda. Mnaweza kunilaumu. Aliyeongoza alikuwa mtu nisiyemjua, maneno ameyashika kwenye santuri, hata pale yaya alipovuta pumzi kwa sababu ya kifua, na yeye anavuta. Nikaitikia mwanzo mpaka mwisho, nalia kwa sauti, na watu wa Nyangwe wakasema huyu mama alimpenda sana Feruzi.

Funzo mnalolipenda mwisho wa uzi ni dogo: ukiulizwa kazi ni ya nani, taja jina lako kwanza, heshima za kwenu zisubiri. Kwangu mimi limeshachelewa.

Nilimwandikia yule aliyeweka linki. Kanijibu kwa adabu, "Bibi, una ushahidi?" Sina, wajukuu zangu. Semeni nyie, ungekuwa wewe ungemjibu nini?