Harusi Juu ya Lami

Mto Tana ulipofurika, kijiji chetu karibu na Idsowe kilizama chote. Tulihamia kwenye barabara ya Garsen, maana palikuwa pameinuka, tukajenga vibanda vya turubai kando ya lami. Wafugaji nao walikuja na ng'ombe wao, wakawa majirani zetu.

Harusi yangu ilikuwa imekaribia sana. Mjomba wangu alimshauri mama tuiahirishe.

"Dada, tungoje maji yashuke."

"Yatashuka lini?"

"Ajuaye ni Mungu."

"Basi mtoto ataolewa. Maji yamekula mpunga wangu na nyumba yangu. Harusi hii hayaili."

Bwana harusi alitoka ng'ambo ya mafuriko. Alikuja kwa mtumbwi na wazee wake, suruali imelowa hadi magotini, viatu amevikumbatia kifuani. Mfugaji mmoja alituchinjia beberu, na mkewe akaleta maziwa. Wanawake walicheza ngoma barabarani hadi lori moja likashindwa kupita, dereva akapiga honi kwa hasira.

"Zima gari, baba, ule pilau!" mama akamwambia. "Leo hapa ni kwetu."

Alizima, akala.

Maji yalichukua wiki nyingi kuondoka. Tukaambiwa tusirudi kijijini, tungoje kutafutiwa mahali pengine. Hatukungoja. Mimi na mume wangu tulishuka tukiwa na majembe, tukapanda mahindi kwenye tope lililoachwa na mto, kabla halijakauka.